Sikio halizoei kelele, linakufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii kelele ya kazini, maana kila penye mashine kijana akija mpya anaambiwa "utazoea tu", na anayemwambia wala hana nia mbaya, ni fundi mkongwe anamtia moyo. Mimi niko karakana ya vyuma, kutwa grinda, nyundo na kompresa, na nasema wazi hiyo kauli inatumaliza. Sikio halizoei kelele. Ukiona siku hizi haikusumbui kama zamani, ujue usikivu umeshaanza kuondoka.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 hivi kila sikio, ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu mpaka ubongoni. Kelele kubwa inavilaza vile vinywele kama majani yaliyokanyagwa, ukipumzika vinainuka, ndo maana jioni unatoka kazini masikio yameziba halafu asubuhi unajiona mzima. Lakini ukirudia hivyo kila siku miaka na miaka seli zinaanza kufa, na zikifa hazioti tena, mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Na tatizo hili linaanza kimyakimya sana. Zinatangulia kupotea sauti nyembamba, zile za karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kwahiyo mtu bado unamsikia anaongea ila herufi kama s, f na sh hazifiki vizuri, huelewi kasema nini hasa mkiwa wengi, unaanza kuona watu wote wananung'unika. Nyumbani tv inapandishwa, mke na watoto wanarudia neno mara tatu mpaka wanachoka, mwisho baba wa watu anaacha tu kuchangia maongezi. Wengine wanabaki na ule mlio wa wiiii usiku kucha hata pakiwa kimya kabisa.

Tena sio masikio peke yake!! Mwili unaichukulia kelele kubwa kama hatari, unamwaga homoni za stresi, moyo unakimbia, mishipa inajibana, na tafiti zimeshaihusisha kelele ya muda mrefu kazini na presha ya kupanda. Ongeza uchovu, hasira za bure, na ajali, maana mtu hasikii foklifti inarudi nyuma wala mwenzake anayemwambia zima mashine.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8 kwa siku. Watu wanadhani 88 ni ileile tu, hapana, kila zikiongezeka 3 nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwahiyo muda salama unakatwa nusu: 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 lisaa limoja, ukifika 100 ni dakika 15 basi. Grinda inapita 90 kirahisi. Kama hamna kipimo, simama mita moja na mwenzako, mkilazimika kupaza sauti ndo msikilizane, hapo mko kwenye 85 au mshapita.

Sasa mabosi wengi wakishagawa boksi la vizibo vya sponji wanaona wamemaliza. Vizibo vinasaidia, navaa na nitaendelea kuvaa, lakini hata kile cha kupunguza desibeli 30 ukikitoa nusu saa tu kwenye shifti ya masaa 8 yenye kelele, kinga yako ya siku nzima inabaki kama desibeli 12. Na wengi hatujawahi kuonyeshwa kuvivaa: unakiviringisha kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unakiingiza, unakishikilia mpaka kitanuke. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1977 unasema kelele ipunguzwe kwanza kwa njia za kiufundi na mpangilio wa kazi, vifaa vya kuvaa ni pale hizo zisipotosha. Yaani badilisha beringi zilizokwisha, kaza bolti, weka raba chini ya mashine, kompresa itolewe nje ijengewe kibanda, na ukinunua mashine mpya uliza desibeli zake kabla hujauliza rangi.

Mkataba huohuo unasema uchunguzi wa afya usimgharimu mfanyakazi hata senti. Basi tupimwe masikio siku ya kuajiriwa, na baada ya hapo kila mwaka, tena mtu akiwa ametoka kupumzika mbali na kelele sio anaitwa katikati ya shifti, na majibu tupewe mkononi kila mtu na karatasi yake, yasiishie kufungiwa kwenye faili ofisini.

Fundi vyuma, msomaji wako