Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa OECD: kodi ya kampuni za mtandaoni

Mheshimiwa Mathias Cormann,
Katibu Mkuu wa OECD,
Paris.

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mlipa kodi wa Nairobi, na ombi langu ni moja: shirika lako, linalokusanya hasa nchi tajiri, liuachie Umoja wa Mataifa kazi ya kutunga kanuni za kodi za kimataifa.

Pale Gikomba, muuza viatu vya mitumba hulipa ada ya soko asubuhi kabla hajafungua mzigo wake. Kisha hulipia tangazo kwa simu, shilingi mia tano leo, mia tano keshokutwa, na risiti inayomjia ina anwani ya Ireland. Kwa kanuni za zamani, kampuni ya nje isiyo na makao ya kudumu nchini haitozwi kodi ya faida hapa, hata iwe na wateja milioni.

Ndiyo maana Kenya ilianza, Januari 2021, kutoza asilimia 1.5 ya mapato ya huduma za kidijitali. Oktoba mwaka huo huo, nchi na maeneo 136 kati ya 140 ya jukwaa la kodi mnaloliongoza yaliafikiana juu ya nguzo mbili za kanuni mpya za kutoza kampuni kubwa za kimataifa. Kenya, Nigeria, Pakistan na Sri Lanka zikakataa. Naona tulifanya vyema. Nguzo ya kwanza ilitutaka tufute kodi hiyo, ndipo tugawiwe fungu letu katika robo ya faida inayozidi asilimia 10 ya mapato, tena kwa kampuni zenye mapato ya zaidi ya euro bilioni 20 tu. Maandishi ya mkataba wake mliyatoa Oktoba 2023, na mpaka leo haujaanza kutumika. Tungekuwa tumetoa jembe letu tukingoja trekta.

Nguzo ya pili, ya kiwango cha chini cha kodi ya faida cha asilimia 15, nayo imeniacha na maswali. Juni 2025 G7, kundi la nchi saba tajiri, lilikubali kwamba kampuni za Marekani ziepushwe na sehemu ya kanuni zake. Kumbe nchi saba zikitaka, mapatano ya nchi zaidi ya mia hufunguliwa upya!

Sisemi hamjatusaidia. Mpango wa Wakaguzi wa Kodi Wasio na Mipaka, mliouanzisha pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2015, umezifunza nchi nyingi za Afrika kukagua hesabu za kampuni kubwa. Lakini OECD ina wanachama 38, na hakuna hata mmoja kutoka bara letu. Novemba 2023, azimio la kundi la Afrika la kuandaa mkataba wa kodi katika Umoja wa Mataifa lilipita kwa kura 125 dhidi ya 48, na wanachama wako wengi walikuwa miongoni mwa hao 48.

Hivyo naomba wataalamu wenu wapeleke takwimu na uzoefu wao kwenye mazungumzo ya mkataba huo, nawe uzisihi nchi wanachama zisijiondoe kama Marekani ilivyofanya Februari 2025.

Wako mwaminifu,
Mlipa kodi, Nairobi