Maoni si uongo, tuwaeleze hivyo wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nafundisha Historia sekondari hapa Lindi, huu mwaka wa 17. Juzi niliwaandikia kidato cha pili sentensi nne ubaoni kuhusu dinosaria wa Tendaguru, ambaye huku kwetu tunamwita mjusi, wanitenganishie ukweli na maoni. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi. Mjusi aliyesimamishwa Berlin ana kimo cha mita 30. Mifupa irudishwe Tanzania.

Mbili za kwanza hazikuwapa taabu. Ya nne karibu darasa zima waliandika "ukweli". Kwa nini? "Kwa sababu ni haki yetu, mwalimu." Ya tatu, kijana mmoja anayejua kwamba kimo ni mita 13 na ushee alisimama akasema, "Hayo ni maoni, kwa sababu ni uongo."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Watoto wamekariri kwamba ukweli ni kitu kizuri na maoni ni kitu kibaya. Lakini sentensi ya tatu si maoni hata kidogo: unachukua futikamba, unapima, unakuta imekosewa. Ya nne haina futikamba. Mimi natamani mifupa ile irudi, na wanafunzi wangu wanajua. Kwamba wachimbaji na wapagazi walikuwa wenyeji wa huku, na nchi ilikuwa koloni la Wajerumani, hayo yamo kwenye nyaraka, yeyote akayasome. Kwamba kwa hiyo irudi, hapo naamua mimi, na anayepinga ana haki ya kunidai sababu.

Kipindi kilichofuata nilikuja na gazeti lenye habari ya mnada wa korosho. Mwandishi alitaja bei ya kilo, kisha akaiita "bei nono". Binti mmoja, ambaye wazazi wake wana mikorosho huko Ruangwa, akauliza, "Nono kwa nani?" Akawaeleza wenzake kwamba ile ni bei ya mnadani, kabla fedha haijamfikia baba yake kuna ushuru na makato ya chama cha msingi, na vibarua wa palizi walishalipwa kwa fedha ya kukopa. Bei ni tarakimu, "nono" ni ya mwandishi. Walibishana dakika kama kumi bila hata mmoja kunitazama mimi. Sijawahi kuona hivyo nikifundisha fasili.

Na fasili ndizo tunazopenda sisi walimu kwenye majaribio: "Eleza maana ya maoni." Mtoto anapata alama zote, jioni anasikiliza ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp na kuuamini kwa kuwa msemaji ana sauti nzito. Walimu wenzangu wa Lindi na Mtwara, tuwape habari nzima waichambue neno kwa neno, hata kipindi kimoja kwa wiki.

Kwako Mhariri nina ombi. Darasa langu lina wanafunzi 60. Nakala 20 za magazeti yasiyouzwa zingetutosha, watatu kwa gazeti moja. Hata yakiwa ya mwezi uliopita, tutayapokea.

Mwalimu wa Historia,
Lindi