Malalamiko kuhusu nguzo, mbao na vanishi ya uzio wa nyumbani kwangu

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua kwenu mbao za uzio, na ni mafundi wenu waliousimamisha na kuupaka vanishi. Ankara mliyonipa inasema wazi kuwa nguzo hizo ni za mbao zilizotiwa dawa na zinafaa kugusana na udongo. Ninaandika kwa sababu nguzo zimeanza kuozea ardhini na vanishi inabanduka, na pia kwa sababu silikubali jibu nililopewa na ofisi yenu kwa simu, kwamba mvua ndiyo iliyoharibu uzio. Uzio hukaa nje, hunyeshewa na kuchomwa na jua tangu siku unaposimamishwa. Anayeuza uzio huuza kitu cha kustahimili mvua na jua, wala hawezi kuvigeuza kuwa udhuru wake.

Naanza na nguzo, kwa kuwa ndizo zinazoubeba uzio wote. Nilifukua udongo kuzunguka zile za karibu na lango na kuzikagua. Pale kwenye usawa wa ardhi, ambapo mbao hupata unyevu wa udongo na hewa kwa pamoja, ncha ya bisibisi inazama bila kulazimishwa, na nyuzi zinazotoka ni laini, nyeusi na zenye harufu ya uvundo. Kiganja kimoja tu juu yake, mti bado ni mgumu na umenyooka. Uharibifu wa namna hiyo hautokani na mvua inayopiga ubavu wa nguzo. Umeanzia chini, na chanzo chake nilikishuhudia siku ya kazi.

Vichwa vya nguzo vilikuja vimekwisha kuchongwa kiwandani kwa urembo. Mafundi wenu walipoona nguzo ni ndefu kuliko kimo tulichokubaliana, walizikata upande wa chini ili wasiharibu uchongaji ule, kisha wakaushusha upande uliokatwa moja kwa moja shimoni bila kuupaka chochote. Vipande vilivyobaki ninavyo hadi leo. Ukivitazama kwenye mkato, ule ukijani wa dawa yenye shaba umeishia kwenye ukingo mwembamba wa nje, na ndani yake mti ni mweupe. Ninajua kwamba hata dawa iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mara nyingi haipenyi kiini cha mti, na ndiyo maana kila mkato mpya hutakiwa kupakwa dawa tena. Lakini weupe huu hauna ule wekundu wa kiini cha msonobari. Ni sehemu ya nje ya mti, ambayo hunyonya dawa kwa urahisi ikishindiliwa ipasavyo na huoza upesi isipoipata. Kwa hiyo nina kila sababu ya kuamini kwamba nguzo hizi zilichovywa tu kwenye dawa, kisha ukachukuliwa upande pekee ambao haukuwa na kinga yoyote ukazikwa ardhini, tena ukiwa ni mkato wa ncha, ambako maji hupanda ndani ya mti kwa kasi kubwa kuliko yanavyoingia ubavuni.

Kuna jambo jingine linalotilia nguvu hoja hiyo. Vibandiko vilivyokuwa kwenye nguzo na vile vya mbao za ubavuni ni vya aina moja, na vinataja daraja la 3. Katika EN 335, kiwango cha Ulaya kinachopanga mbao kwa madaraja ya matumizi, ambacho vibandiko vyenyewe vinakirejelea, daraja hilo ni la mbao zinazokaa nje lakini hazigusi ardhi. Mbao zinazogusana na udongo ni za daraja la 4. Ankara inasema hivi na kibandiko kinasema vile, na vyote viwili vimetoka kwenu. Naongeza kwamba zege lililomwagwa kuzunguka nguzo limeachwa likiinamia kwenye nguzo, hivyo maji yanatuama mahali pale pale yalipopaswa kufukuzwa.

Kuhusu vanishi, ilipakwa juu ya mbao ambazo hazikuwa zimekauka. Zilikuwa nzito, na msumari ulipogongwa maji yalitokeza kuuzunguka. Hakuna fundi aliyekuja na kipimo cha unyevu, ilhali ni kifaa kidogo kinachotosha mfukoni na kinachotoa jibu papo hapo. Mbao za nje zinafaa kuwa chini ya asilimia 20 za unyevu kabla ya kupakwa, na zikiwa karibu na 15 ni bora zaidi. Juu ya 20 kuvu waozeshao mti huanza kupata nafasi, na mbao ikiendelea kukauka baada ya kupigiliwa husinyaa, hupinda na kupasuka. Mliifunga mbao mbichi ndani ya utando usiopitisha maji kwa urahisi, na jua lilipowaka unyevu huo ulitafuta njia ya kutoka na kuuinua utando. Sasa vanishi inabanduka kama maganda ya kitunguu, na chini ya kila ganda mbao imegeuka kijivu.

Rangi hiyo ya kijivu inatokana pia na aina ya vanishi iliyotumika. Mikebe iliyoachwa uani imeandikwa kuwa ni vanishi ya matumizi ya ndani. Vanishi ang'avu ya namna hiyo hupitisha miale ya jua hadi kwenye mti, miale ikavunja lignini inayoshikamanisha nyuzi za juu, na utando ukakosa kitu cha kushikilia. Sina chuki na vanishi. Kwenye mlango uliofunikwa na baraza hupendeza na hudumu. Kwa uzio nilimwomba msimamizi wenu atumie mafuta ya mbao ya nje yenye rangi kidogo, yale yanayopenya, kwa kuwa hayabanduki bali hufifia polepole, na yakififia mtu huosha mbao, huziacha zikauke na kupaka tena bila kukwangua. Alinijibu kwamba vanishi inang'aa zaidi, akaendelea na kazi.

Misumari nayo ni ya chuma kitupu, na tayari inashusha michirizi ya kutu. Dawa zenye shaba hula chuma cha namna hiyo, hivyo ilipasa itumike misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto au ya chuma kisichoshika kutu. Na kwa kuwa jambo hili linahusu afya ya watu, siwezi kulinyamazia: fundi mmoja alinishauri nitumie vipande vilivyobaki kama kuni. Moshi na majivu ya mbao zilizotiwa dawa vina sumu, na ni wajibu wenu kuhakikisha kwamba hakuna mfanyakazi wenu anayempa mteja ushauri wa aina hiyo.

Ofisi yenu imependekeza kupiga msasa na kuongeza mkono mmoja wa vanishi. Nakataa, kwa sababu vanishi mpya itaficha uozo kwa muda bila kuuzuia. Ninachodai ni kwamba nguzo zote zing'olewe na ziletwe nyingine zilizoshindiliwa dawa ya daraja la 4, pamoja na cheti cha utiaji dawa, zikiwa na urefu sahihi ili mkato wowote utakaohitajika uwe upande wa juu na upakwe dawa. Mbao za ubavuni ambazo hazijapinda zinaweza kubaki, mradi zikwanguliwe vanishi yote, ziachwe zikauke, zipimwe unyevu nikiwapo, kisha zipakwe mafuta ya nje pande zote, na ncha zake zinyweshwe hadi zikatae. Misumari yote ibadilishwe, na gharama zote ziwe juu ya kampuni.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokeapo barua hii, likitaja tarehe ya kuanza kazi. Nisipolipata, nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Nimeambatanisha picha na nakala ya ankara. Vipande vya nguzo, vibandiko na mikebe nimevihifadhi, na mkaguzi mtakayemtuma ataoneshwa vyote.

Wenu,

Mteja