Mayai ya Pasaka: nunua mapema, yatie maji yakishachemka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Kila Kwaresima ikielekea ukingoni, kurasa za mapishi na vipindi vya redio hurudia maagizo yale yale juu ya mayai ya kuchemsha: tafuta mayai yaliyotagwa jana, yatie sufuriani na maji baridi na chumvi, yaache motoni nusu saa yaive barabara. Anayeyafuata hujikuta asubuhi ya Pasaka akibandua kaka pamoja na mapande ya ute, na akilikata yai hukuta kiini kimezungukwa na mstari wa kijani wenye harufu ya kiberiti. Lawama humwangukia muuza mayai. Muuza mayai hana kosa. Ila nyingi za yai la kuchemsha chanzo chake ni umri wa yai na namna moto ulivyoingia na ulivyotoka.

Umri kwanza, maana hapo ndipo watu hukosea kwa nia njema. Yai lililotagwa leo huwa na hewa ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani ya ute. Kwa sababu ya hewa hiyo pH ya ute (kipimo cha asidi: ikiwa chini, asidi ni nyingi) huwa 7.6 hivi, na ute wa namna hiyo ukiiva hugandamana na utando mwembamba ulio upande wa ndani wa kaka. Siku zikipita hewa hutoka kupitia vitundu vya kaka, pH hupanda hadi karibu 9.2, na utando huachia bila taabu. Ndani ya friji jambo hili huchukua wiki moja hadi siku kumi. Nje, kwa joto la Malindi la Machi na Aprili, siku tatu au nne zatosha. Basi trei ya Pasaka inunuliwe mwanzoni mwa Juma Kuu, si Jumamosi jioni, na ikae mahali pakavu penye kivuli, upande mnene wa kila yai ukiangalia juu. Mkao huo hukiweka kiini katikati. Yai lililolazwa ubavu siku nyingi, kiini chake huelea na kusogea pembeni, nawe ukilikata nusu ulipambie pilau utaona ute mnene upande huu na mwembamba sana upande ule.

Kutumia mayai yaliyokaa si ubahili. Huko Ulaya katika zama za kati, Kanisa lilikataza kula mayai wakati wa Kwaresima, na kuku hawakuacha kutaga. Mayai yalilimbikizwa hadi siku ya kufungua. Mayai ya Pasaka tangu asili yalikuwa mayai ya siku kadhaa.

Kukaa kuna mpaka wake, na kipimo ni bakuli la maji. Yai linalolala chini kabisa ni la juzijuzi, lifae kukaangwa. Linaloinua upande mnene kidogo ndilo la kuchemsha. Linalosimama wima likigusa chini bado hulika, ila litumie upesi. Linaloelea litupe. Mayai ya kienyeji yanayoletwa kutoka mabomani, upande wa Magarini na Marafa, yanataka ukaguzi mwingine zaidi, kwa sababu huenda kuku alikwisha kuyaatamia kabla hayajaokotwa. Ingia chumba chenye giza, bana yai juu ya tochi ya simu, ulizungushe polepole. Ukiona mishipa myembamba myekundu au doa jeusi ndani, liweke kando. Mwanga huo huo utakuonyesha nyufa ambazo jicho halizioni mchana. Uchafu uuoshe dakika chache tu kabla ya kupika, kwa maji ya vuguvugu. Maji baridi kuliko yai hulifanya yai livute maji ndani kupitia vitundu, na vijidudu vikafuata.

Sasa moto. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi na hauwi mgumu sawasawa mpaka ufike 80. Kiini huganda kati ya 65 na 70. Yai likianza katika maji baridi, joto hupanda taratibu na ute hupata nafasi ya kushikana na utando kabla haujawa mgumu. Likitumbukia katika maji yanayochemka, tabaka la nje la ute hukaza mara moja na kujitenga na utando. Tofauti ya mapishi haya mawili utaiona wakati wa kumenya, hata kama mayai yametoka trei moja.

Kwa mayai 12 tumia sufuria pana ambayo mayai yote yataenea tabaka moja, na maji yasiyopungua lita mbili na nusu, yayafunike kwa vidole viwili. Maji yakiwa machache, mayai huyapoza, na itachukua muda mrefu yarudi kuchemka. Hapo hesabu yako ya dakika imeharibika. Mayai yaliyokuwa frijini yatoe nusu saa kabla. Kwenye upande mnene, palipo na mfuko wa hewa, toboa kitundu kwa sindano safi, usipitishe ndani zaidi ya unene wa kaka. Hewa ile hupanuka kwa joto, na isipopata njia hulipasua yai. Maji yakichemka, teremsha mayai moja moja kwa upawa hadi yaguse chini, anza kuhesabu, kisha punguza moto mpaka mapovu yawe madogo. Maji yanayotokota kwa fujo huyagonganisha mayai, na joto lake ni lile lile la maji yanayochemka kwa utulivu. Dakika tatu za mwanzo yazungushe polepole kwa mwiko ili kiini kigande katikati.

Anayepikia gesi hili kwake ni jepesi. Kwenye seredani, funga kidirisha cha hewa mara mayai yanapoingia, na uwe na koleo karibu uondoe makaa mawili matatu kama maji bado yanapanda kwa nguvu. Usitegemee kuinua sufuria na kuirudisha, maana joto litapanda na kushuka ushindwe kuhesabu.

Muda unategemea ukubwa. Mayai ya kisasa yenye uzito wa gramu 55 hadi 60 yanataka dakika 11, au 12 ukipenda kiini kikavu kabisa. Ya kienyeji mengi hayapiti gramu 40 au 45. Dakika 9 au 10 zinatosha. Usiyachanganye katika sufuria moja, au ukichanganya, ya kienyeji yaingie dakika mbili baadaye. Na saa itazamwe, kukisia hakufai hapa.

Jambo moja, Mhariri, tungependa kurasa za mapishi zilitaje kila zinapochapisha dakika. Malindi tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yai linaloiva hapa kwa dakika 11 huko litahitaji 13. Wageni wanaoteremka Pwani kwa likizo ya Pasaka huja na hesabu ya bara, na wapishi wetu nao husoma hesabu hiyo hiyo gazetini. Matokeo yake ni viini vya kijani. Kila maagizo yaseme pia kama maji yalianza baridi au moto, maana bila hilo idadi ya dakika haina maana.

Mwenye trei nzima ya 30 na sufuria ndogo apike kwa mvuke. Tia maji kimo cha vidole viwili, weka juu yake kichujio cha bati au chombo chochote chenye matundu, yakichemka panga mayai, funika vizuri, uhesabu dakika 12 au 13. Mayai yanaweza kupandana tabaka mbili bila kudhurika, kwa kuwa hayachezi. Maji kidogo huchemka upesi, makaa hubaki, na mvuke humenyesha vizuri sawa na maji ya moto. Kwa shughuli kubwa sisi tunaupendelea mvuke.

Chumvi na siki haviyafanyi mayai yamenyeke. Kazi yake ni nyingine: yai likipasuka motoni, chumvi au siki hugandisha haraka ute unaotoka, ukaziba ufa badala ya kutapakaa sufuria nzima. Kijiko kikubwa kimoja katika lita mbili kinatosha. Magadi hatuyashauri kabisa. Kama yai ni la juzijuzi mno, dawa yake ni kusubiri siku chache.

Kupoza kumepuuzwa kuliko hatua zote. Ukiliacha yai ndani ya maji yake ya moto, linaendelea kuiva. Ute uliopita kiasi hutoa hewa ya salfa, hewa hiyo hukimbilia katikati, ikakutana na madini ya chuma yaliyo ndani ya kiini, na hapo ndipo mstari wa kijani huzaliwa. Haudhuru mlaji, lakini ladha imeshapotea. Epua dakika zikitimia, mwaga, tia mayai katika beseni la maji baridi yenye barafu kwa dakika 15. Bila barafu, badilisha maji mara tatu, kwa sababu ya kwanza yatakuwa vuguvugu ndani ya dakika moja. Maji hayo yawe ya kunywa. Yai linapopoa, vilivyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kaka, kwa hiyo maji machafu ya kisima yataingia ndani ya yai lililokwisha iva. Barafu ya kuhifadhia samaki inayouzwa ufukweni isiguse mayai. Ukilazimika kuitumia, ifunge ndani ya mfuko usiovuja.

Kumenya anzia upande mnene. Gonga, viringisha juu ya meza hadi kaka lipasuke kote, kisha ambua ndani ya beseni la maji ili maji yapenye chini ya utando. Ukiushika utando wenyewe, kaka lote hufuata.

Watoto wanapenda mayai ya rangi, na jikoni mwa Pwani rangi zimejaa. Maganda ya vitunguu 12 yachemshwe nusu saa katika lita moja ya maji: utapata kahawia nyekundu nzuri kuliko zote, hata juu ya mayai yenye kaka la kahawia. Vijiko vitatu vikubwa vya manjano, dakika 15, hutoa njano kali. Bitiruti mbili zilizokatwa vipande hutoa waridi, lakini rangi hii na ya manjano zinataka kaka jeupe, hivyo chagua ya kienyeji. Chuja, poza, kisha tia kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila kikombe. Asidi hulikwangua kaka kidogo ili rangi ishike. Ukizidisha utaona mapovu yakitoka juu ya kaka, na rangi itabanduka kwa mabaka. Ndimu hufanya kazi ile ile. Mayai yaliyopoa yakae humo nusu saa, au usiku kucha ndani ya friji. Ukitaka nakshi, bandika jani la dania juu ya kaka, lifunge kwa kitambaa chepesi cha leso iliyochakaa, kaza kwa uzi, ndipo utie rangini. Likikauka, lipake mafuta ya nazi kidogo ling'ae.

Rangi za kutilia miyaa ya mikeka, piko, na rangi za nguo ni haramu kabisa kwa mayai. Kaka lina vitundu, na rangi itafika kwenye ute ambao mtoto ataula. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu rangi hizo hukaa rafu moja na vyakula katika maduka mengi.

Yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi, kwa kuwa maji ya moto huondoa utando wa asili unaolinda kaka kwa nje. Nje ya friji lisipite saa mbili, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Mayai yaliyofichwa uani watoto wayatafute tangu asubuhi yasiliwe mchana. Tenga ya mchezo na ya kula. Ndani ya friji, na kaka lake, yatadumu wiki moja, mradi stima isipotee kwa saa nyingi. Yaandike tarehe kwa penseli. Ukisahau lipi limeiva, lizungushe mezani: lililoiva huzunguka kwa kasi, bichi huyumbayumba.

Yaliyobaki Jumatatu ya Pasaka yatiwe kwenye mchuzi wa nazi. Kaanga kitunguu, thomu, nyanya na bizari, tia tui jepesi lichemke hadi mchuzi ushikane, kisha tui zito. Mayai yaliyomenywa yachanjwe mara mbili tatu kwa kisu ili yanywe mchuzi, yaingie mwisho, dakika tano kwa moto mdogo. Yakiingia mapema ute utakuwa mgumu kama mpira.

Wapishi wa Shela,
Malindi