Injini ya huku, difu ya kule: gharama ya gari la spea mseto iko kwenye maungio

Swali hili hutufikia gereji kwa sura mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja: "Fundi, nina bodi ya Datsun 1200, kuna injini nimeiona kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, inauzwa bei ya kutupa, na shemeji ana difu ya Hilux imelala uani. Mtaniunganishia kwa shilingi ngapi?" Anayeuliza huwa na picha ya hotrodi ya Kimarekani kwenye simu: bodi ya Ford ya kale, madigadi yametolewa, injini kubwa iko wazi haina hata boneti. Anaona spea za magari manne zimekutana kwenye gari moja, naye anasema kama wao waliweza kwa kuokotaokota, sisi tunashindwa nini?

Hatushindwi. Ila tukikutajia bei siku hiyohiyo tutakuwa tunakudanganya, maana bei ya kazi hii haimo kwenye injini wala kwenye difu, ile mashine ya gia ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu. Imo kwenye maungio, pale kitu cha kampuni moja kinapolazimishwa kuishi na cha kampuni nyingine.

Tuanze na hao Wamarekani wenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakipeleka magari yao kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage kushindana kwa kasi. Chama chao, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Gari walilolipenda lilikuwa Ford, na sababu kubwa ilikuwa mfuko. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8 ya lita 3.6, nguvu za farasi 65, ndani ya gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Miaka ilivyosonga injini hizo zikajaa kwenye viwanja vya skrepa. Kijana alichukua bodi nyepesi ya Model A, iliyoundwa kati ya 1928 na 1931, akaitia V8, akaondoa kila kilichoongeza uzito.

Hapa ndipo watu wengi huisoma picha vibaya. Spea zile zilitoka miaka tofauti, lakini zilitoka ukoo mmoja. Tangu Model T hadi 1948, Ford walibaki na springi moja iliyokingama mbele na nyingine nyuma, na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu hadi kwenye difu) iliyofichwa ndani ya bomba. Breki za mafuta walizozianza mwaka 1939 ziliweza kufungwa kwenye ekseli za miaka ya nyuma kwa marekebisho madogo. Vijana wale hawakuokota ovyo; waliokota Ford wakaipandisha juu ya Ford.

Mwaka 1955 Chevrolet wakatoa V8 yao ndogo ya lita 4.3, nyepesi na yenye nguvu zaidi, na wenye hotrodi wakaanza kuifunga kwenye bodi za Ford. Ukoo ulivunjwa, lakini kwa gari lililopendwa kiasi kile viwanda vidogo viliona biashara, vikatengeneza bamba za kuunganishia injini ya huyu na giaboksi ya yule. Mmarekani wa leo anaagiza bamba hilo likiwa tayari ndani ya boksi. Sisi tunalichonga. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati yake na wewe iko hapo.

Na bamba hilo lina maneno mengi kuliko linavyoonekana. Mtu yeyote mwenye drili atakutobolea matundu ya boliti. Kazi ngumu ni kitovu. Shafti ya giaboksi hupita katikati ya klachi, ncha yake ikakaa kwenye beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo mstari wa krenki na mstari wa shafti lazima viwe mstari mmoja. Tunaupima kwa geji ya saa, yaani yenye uso na mshale kama wa saa, na kipimo kinachokubalika na mafundi wengi ni kupishana kusikozidi takriban milimita 0.13. Kikizidi, klachi inatetema, gia zinaruka, beringi inakufa, na mwenye gari anakwenda kununua giaboksi nyingine akidhani ile ilikuwa mbovu. Kisha kuna unene wa bamba lenyewe: likiwa nene mno ncha ya shafti haifiki kwenye beringi, likiwa jembamba mno inagota. Hapo bado hatujahesabu meno ya klachi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), wala mahali pa stata.

Ndiyo maana tunamwomba mteja anunue injini pamoja na giaboksi yake, flaiwili, klachi, stata na nyaya, vyote kutoka gari moja. Dukani itaonekana ghali. Lakini maungio yanahama kutoka mahali pagumu kuliko pote hadi kwenye propela, na propela hukatwa, huchomelewa na kubalansiwa kwa kazi ya siku moja. Tahadhari tu kama gari lako lina propela ya ndani ya bomba kama zile Ford za kale. Peugeot 404 ni hivyo hivyo, gari tunaloliheshimu kwa kushinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ila ukitaka kulitia injini ya kigeni jiandae kubadili na difu.

Difu nayo ina hesabu zake. Chukua Land Rover Series III yenye matairi ya 7.50-16. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa tairi linazunguka karibu mara 667 kwa dakika. Difu yake ya asili ni 4.7, yaani propela huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja; ukizidisha na transfa (giaboksi ya pili ya gari la 4x4) ya 1.148 injini inakuwa kwenye mizunguko kama 3,600. Ifungie dizeli ya kisasa zaidi bila kugusa difu na utakuwa na gari lenye nguvu linalopiga kelele njia nzima hadi Morogoro. Weka difu za 3.54 kutoka Range Rover ya zamani, mizunguko inashuka hadi kama 2,700. Hizo ni za ukoo uleule, zinaingia bila vita.

Difu ya Hilux ya shemeji je? Kama ni ya 4x4, gurudumu lake lina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7. Datsun 1200 ina nne kwenye 114.3. Yaani utatembea na rimu za aina mbili na spea tairi mbili, na bado difu yenyewe ni pana mno kwa bodi hiyo. (Kwa wanaopenda vioja: Ford nyingi za kabla ya 1949 zina boliti tano kwenye 139.7, sawasawa na Suzuki Jimny.)

Breki ndipo tunapokuwa wakali. Master silinda (pampu ya mafuta ya breki) ya breki za ngoma huwa na vali inayobakiza presha kidogo ndani ya paipu. Ukiifunga na breki za diski za gari jingine, pedi hazitaachia vizuri. Diski inachemka, na mafuta ya breki yakichemka kanyagio linazama hadi sakafuni. Ukubwa wa silinda pia lazima ulingane na kalipa, kifaa kinachobana pedi. Hatufungi breki za kuchanganya bila kuweka master silinda yenye njia mbili, ili njia moja ikipasuka nyingine ibaki na kazi. Usukani vilevile: shafti ya usukani iliyoungwa kwa kuchomelewa na fundi wa mtaani hatuipokei, tunaitoa na kuweka yenye krosi zake, yaani viungo vinavyopinda. Mteja akikataa, tunaagana kwa amani.

Umeme ni jambo dogo. Magari mengi ya kale yalikuwa ya volti 6, mengine chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ng'oa nyaya zote, weka mfumo mzima wa volti 12, kazi imeisha. Kuhifadhi nyaya za miaka sitini ni kuhifadhi moto.

Jambo ambalo wateja hulisahau ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, kadi nayo ibadilishwe, hapa Tanzania ni TRA, kwa ndugu zetu wa Kenya ni NTSA. Dai risiti ya injini siku unayoinunua, yenye namba iliyoandikwa. Injini isiyo na karatasi hata iwe rahisi vipi hatuifungi, kwa sababu polisi wakiuliza, wa kwanza kuulizwa ni fundi.

Sasa mwenye Datsun 1200, ushauri wetu ni huu. Injini yako ya A12 ni cc 1,171. Ndugu zake A14 na A15, cc 1,397 na 1,488, zinaingia palepale, kwenye giaboksi ileile. Nissan 1400, ile pikapu ya Afrika Kusini iliyoundwa hadi 2008, ni ukoo huohuo. Gari jepesi namna ile likipata A15 nzuri na karbureta iliyopimwa, hutahitaji bamba la kuchonga wala difu ya shemeji, na fedha inayobaki iende kwenye breki na bodi.

Ukiwa bado unataka mchanganyiko wa koo tofauti, tutaufanya. Tunaanza na upimaji, ambao una malipo yake madogo na yanakatwa kwenye bili ukileta kazi. Njoo na bodi au chesisi, picha za vitu unavyotaka kununua zikionyesha namba zake, na ukubwa wa matairi utakayotumia. Usinunue chochote bado. Baada ya vipimo utapewa karatasi yenye orodha ya maungio yote na bei ya kila moja, kisha ndipo uende Gerezani.