Mnasema tuliougua kidogo hatuna cha kuhofia?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako sijawahi kuandika, hata mlipokosea majibu ya fumbo wiki mbili mfululizo nilinyamaza. Ila ile ripoti yenu ya corona na ubongo, pale mlipoandika kwamba aliyeugua kidogo nyumbani hana cha kuhofia, hapana jamani.

Mimi ndio huyo aliyeugua kidogo nyumbani. Kikohozi siku nne, basi, sikulazwa wala sikuwekewa oksijeni. Harufu ikapotea, baada ya miezi ikarudi imegeuka, sabuni inanuka kama mpira unaoungua. Hilo nikalizoea. Sasa akili. Nafundisha hesabu mwaka wa 19 huu, siku hiyo nimeshika chaki, nimechora duara safi kabisa, nataka kusema mzingo, neno halipo. Ulimini halipo, kichwani halipo. Nikasema "hiki kitu cha kuzunguka", darasa kimya, mtoto mmoja wa mbele akaninong'oneza "mzingo, mwalimu". Bora wangecheka.

Nikaenda kwa daktari, macho yake kwenye kompyuta muda wote. Leo siku gani, mwezi gani, haya toa 7 kwenye 100 uendelee kutoa. Nikamtolea, 93, 86, 79, 72, mpaka akanisimamisha mwenyewe, "uko vizuri mwalimu, ni mawazo tu, pumzika". Yaani mtu aliyekula chaki miaka 19 unampima kwa kutoa saba halafu unamwambia mawazo, na wewe Mhariri unakuja kumuunga mkono kwa herufi kubwa wakati mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa utafiti wa UK Biobank, ile hifadhi kubwa ya taarifa za afya za watu kule Uingereza, watu 785 wa miaka 51 hadi 81 waliopigwa picha za ubongo mara mbili, 401 wakapata corona hapo katikati, wengi wao iliwashika kidogo tu kama mimi, na bado ubongo wao ulionekana kupungua kuliko wa wenzao, hasa sehemu zinazohusiana na kunusa, tofauti ya kama asilimia 0.2 hadi 2. Ndio, ni kidogo, na sisemi kila mtu kaharibika. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, wenyewe tangu Oktoba 2021 wameweka shida ya kufikiri kwenye maana ya corona ya muda mrefu, sasa hayo nayo ni mawazo?

Halafu kuna gesi, hili hamligusi kabisa. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, wanaitia makusudi ili ikivuja ujue. Sisi ambao pua zimekufa au zimegeuka nani alituwaza? Kila jioni napaka povu la sabuni kwenye mpira wa mtungi naangalia kama linatoa mapovu, wanangu wananiona mwehu.

Dawa ninayo. Daktari yeyote kabla hajaandika "mawazo" asimamishwe mbele ya watoto 60 Jumatatu asubuhi, awe kalala saa mbili tu, awafundishe duara bila karatasi. Mwandishi wenu akae dawati la nyuma ahesabu maneno yanayomtoka. Na masahihisho yenu muyaweke ukurasa uleule, herufi zilezile, sio kule chini karibu na matokeo ya mpira.

Mwalimu wa hesabu