Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: miche ya Aprili iagizwe Julai

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni mwotesha miche. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa na kitalu kando ya barabara katika Wilaya ya Kinondoni, na katika miaka hiyo nimewauzia miche wenye nyumba, shule, misikiti, makanisa, na zaidi ya wote taasisi zinazokuja kila masika kutafuta miche ya kampeni. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo nililonalo linawagusa pia waoteshaji wenzangu, wenyeviti wa serikali za mitaa na maofisa misitu wa halmashauri zote tano za mkoa huu, na mwenye uwezo wa kuwaita wote hao wakae pamoja ni wewe.

Jambo lenyewe ni kwamba aina za miti inayopandwa Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, hazichaguliwi na mtu yeyote. Zinaamuliwa na kile kinachokutwa kitaluni katika wiki mbili za mwisho za mwezi Machi.

Naomba nieleze linavyotokea. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na kwa mkoa wetu tarehe hiyo ni nzuri, kwa kuwa masika huwa yameanza au yako mlangoni. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Basi ikifika katikati ya Machi simu zinaanza kuita, na maswali huwa ni mawili tu: mnayo mingapi, na mnauzaje. Nikiuliza miche inakwenda kupandwa wapi, mara nyingi aliyetumwa hajui. Anachukua kilicho tayari, na kilicho tayari ni mwarobaini, mjohoro na mlusina, kwa kuwa mbegu zake hupatikana kirahisi, huota bila kubembelezwa, na baada ya miezi mitatu au minne mche umefika kimo cha kupakiwa kwenye gari. Sisi wenye vitalu tunaotesha kinachonunuliwa, na wanunuzi wananunua kilichooteshwa.

Niliwahi kujaribu kwenda kinyume na hayo. Mwaka mmoja nilipata mbegu za mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, zile mbegu nyeusi zinazong'aa, zenye kikofia chekundu upande mmoja, ambazo watu huzitunga kuwa mapambo. Nilizikwangua ganda kwa tupa moja baada ya nyingine, nikaziloweka usiku kucha, nikapata miche mia nne yenye afya. Masika yalipofika niliuza sitini. Iliyobaki ilikaa kitaluni mwaka mwingine, na siku nilipochana kiriba, yaani mfuko wa plastiki, cha mmoja wao nilikuta mzizi mkuu umeshuka hadi chini, umekosa pa kwenda, ukajizungusha mara tatu kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo. Mche wa namna hiyo hata ukipandwa haushiki ardhi. Utasimama miaka michache, kisha upepo utaulaza. Niliitupa yote, nikarudi kuotesha mwarobaini, na uamuzi ule unaniuma hadi leo.

Sisemi haya kwa sababu mwarobaini ni mti mbaya. Unavumilia jua, hauhitaji kumwagiliwa ukishashika, una kivuli kizuri, na hakuna nyumba ya Mswahili isiyojua kazi ya majani yake. Wala sisemi tuikatae miti kwa kuwa ilitoka nje, maana mwembe nao asili yake ni Asia, na hakuna anayetaka Dar es Salaam isiyo na miembe. Hata Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mimea iliyoletwa kutoka mbali. Ninachosema ni kwamba mti hupimwa kwa mahali unapokwenda kuishi, na mkoa huu una mahali pa namna nyingi sana.

Nianze na barabarani, kwa kuwa ndiko wengi wanakoona miti. Karibu na ninapoishi kuna mkungu uliopandwa chini ya nyaya za umeme, mbele ya duka. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, na ukiachwa unakuwa mwavuli mpana ajabu. Huu haukuachwa. Kila mwaka hukatwa katikati ili nyaya zipite, na sasa una umbo la manati, umeoza pale ulipokatwa, na upande mmoja umeelemea barabara. Mizizi yake imenyanyua mfuniko wa mtaro, hivyo maji ya mvua hupita juu ya mtaro na kuingia dukani. Mwenye duka anataka ung'olewe, na ninamwelewa. Lakini mti haukukosea; ulipewa nafasi ya mita mbili wakati unahitaji kumi. Mkrismasi nao, pamoja na uzuri wa maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka, una mizizi inayotambaa juujuu na matawi yanayovunjika upesi, kwa hiyo unafaa uwanjani, shuleni, kwenye bustani, na haufai kando ya ukuta wala juu ya bomba la maji. Chini ya nyaya panatakiwa mti mfupi, na mbele ya nyumba za watu ningependekeza bila kusita mpera, mstafeli au mkomamanga, kwa sababu mwenye nyumba humwagilia mti anaokula matunda yake, na mbuzi akiusogelea atamfukuza mwenyewe.

Barabarani pia tunahitaji mchanganyiko. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kwamba miti ya mji isizidi asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu, na asilimia 30 ya familia moja, yaani kundi kubwa zaidi. Miji ya kwao ilikuwa imepanga mti mmoja uitwao elmi barabara nzima, ugonjwa ulipoingia ukafagia mitaa mizima. Zipo barabara zetu ambazo ukizitembea utahesabu mwashoki baada ya mwashoki, mti mwembamba kama mshumaa ambao hata kivuli cha kumtosha mama muuza vitumbua haunao.

Ufukweni mambo ni mengine kabisa. Kuna mchanga, chumvi na upepo. Mivinje imetufaa sana kando ya bahari, ila chini ya mivinje majani yake makavu hufunika ardhi na mimea mingine huota kwa shida. Mtondoo ni mti wa ufukwe hasa. Mbegu zake huelea na kusafirishwa na bahari yenyewe, na upepo wa chumvi hausumbui majani yake. Nyuma yake kidogo mkwaju unastahimili, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana tuna Mkwajuni, tuna Mikocheni iliyochukua jina la mkoche, tuna Mivinjeni na Mnazi Mmoja. Majina hayo ni kumbukumbu ya kilichoota hapo kikakubali, na ofisa misitu angeweza kuanza orodha yake kwa kusoma ramani ya mitaa.

Bonde la Msimbazi naliombea uangalizi wako wa pekee, kwa kuwa sasa lina mradi mkubwa wa uendelezaji na panatarajiwa kuwa na bustani ya jiji. Udongo wa bondeni hukaa na maji kwa siku nyingi baada ya mafuriko, na mche wa nchi kavu utaoza mizizi kabla ya masika kwisha. Miti ya kando ya mito ya pwani inafahamika: mkuyu, mkindu ambao akina mama wangepata ukindu wa kusukia mikeka, na mtomondo, ambao huota hata pale maji ya mto yanapoanza kuchanganyika na ya bahari. Mkaratusi usipelekwe huko kwa hoja kwamba utakausha tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na mti unaokunywa maji kwa kasi ile hauna haki zaidi ya binadamu.

Kuhusu mikoko nina uchungu zaidi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja vijana wenye moyo mwema wakishuka kwenye tope la wazi, bahari ikiwa imekupwa, wakichomeka vipande virefu vya mkoko kimoja baada ya kingine hadi tope likaonekana kama limepigwa misumari. Mkoko hupendwa kwa kuwa mche wake huokotwa chini ya mama yake ukiwa tayari, na kuupanda ni kuuchomeka tu. Lakini mikoko ina aina nyingi, na mstari wa mbele unaotazama bahari si wa mkoko huu, ni wa aina iitwayo mlilana. Mkoko hukaa nyuma, mkandaa nyuma zaidi, na mchu huvumilia chumvi kali. Nilirudi miezi michache baadaye sehemu mojawapo, nikakuta vijiti vichache vyenye makombe, na vingine vimebebwa na maji. Mara nyingi kinachotakiwa ni kufungua njia ya maji iliyozibwa kwa kifusi au takataka, maana bahari ikiruhusiwa kuingia na kutoka huleta mbegu zenyewe, na kila aina hushika pale panapoifaa.

Jambo kama hilo lipo pia Pugu. Hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na ina mimea ambayo hata majina yake ya kisayansi yamebeba jina la Pugu: Baphia puguensis na Millettia puguensis. Miti mingi ya misitu hii ikikatwa huchipua kwenye kisiki. Palipo na visiki hai, kazi ya kwanza ni kuzuia moto na tanuri za mkaa, na mche wa kuletwa kwa lori hauna nafasi hapo. Panapohitaji kupandwa, ipandwe msandarusi, mkongo na mvule, mbegu zikiokotwa Pugu kwenyewe au katika Pori la Akiba la Pande lililo ndani ya mkoa wako. Tena mvule usipandwe peke yake kwa mistari, kwa maana mdudu aitwaye Phytolyma hutia uvimbe kwenye vikonyo vya mche na kuua ncha yake, na akikuta mivule mitupu hula kama aliyeandaliwa meza. Ukichanganywa na miti mingine na kupata kivuli kidogo utotoni, unapata nafuu.

Wanaodhani kwamba mti wa Tanzania unafaa popote Tanzania nawaomba waangalie Amani, katika Usambara Mashariki. Msizi ni mti wa asili wa kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Ulipelekwa Amani ukapandwa, ndege wakasambaza mbegu, na msitu ulipokatwa mbao msizi uliingia katika kila uwazi, hadi leo wataalamu wanahangaika nao. Mlusina unaweza kutufanyia vivyo hivyo, kwa maana mbegu zake hudondoka nyingi na huota zikiwa zimesongamana, zisiachie nafasi mche mwingine. Ningeomba uondolewe kabisa katika kampeni za mkoa, na mwarobaini usipandwe karibu na mipaka ya hifadhi.

Sasa ombi langu, Mheshimiwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kati ya Julai na Aprili kuna miezi tisa. Mkongo, mkangazi, msandarusi na mkwaju vikisiwa Julai na Agosti vitakuwa na mzizi na shina la kutosha masika yakifika, bila kukaa kwenye kiriba hadi mizizi ijisokote. Naomba uwaite maofisa misitu wa halmashauri, wataalamu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sisi waoteshaji, mahali patakapopandwa miti masika yajayo patajwe kwa jina, pakaguliwe, na kila mahali paandikiwe aina zake. Kisha vitalu vipewe oda ya maandishi Julai, yenye aina, idadi na malipo ya awali hata kama ni kidogo. Mbegu haziotesheki kwa ahadi. Idadi ikipungua kwa sababu hiyo, naomba ipungue. Na hesabu ya halmashauri isomwe baada ya masika ya pili, kwa miti iliyo hai, ikihesabiwa na mwenyekiti wa mtaa akiwa na ofisa misitu.

Najua utaulizwa kwa nini lengo halikufikiwa mwaka wa kwanza, na kujibu swali hilo mbele ya wakubwa si kazi nyepesi. Mimi na waoteshaji wengine tuko tayari kuja kukusaidia kulijibu, tukiwa na daftari zetu za mauzo ya kila masika, zinazoonyesha ni miche gani ilitoka na ilitoka tarehe ngapi.

Nyumbani kwangu nina kopo la mbegu za mkongo nilizookota mwaka huu. Nimezikausha na kuzichambua, na zinatosha miche kama elfu moja. Nitasubiri hadi Agosti ndipo niamue cha kusia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwotesha miche, Kinondoni